Mahindi Yenye Joto

9 Juni

Mdogo wangu Sindano,

Kaa chini kwanza, maana barua hii ni ndefu kuliko zile zangu za "tuko wazima, tuma sabuni". Leo nina habari njema ya kujaza karatasi. Ghala limejaa. Simaanishi nusu kama miaka ile. Limejaa mpaka popo wamehama darini kwa kukosa pa kupitia.

Mwaka jana uliona mwenyewe tulivyofikia, hata mbegu tuliikaanga tukaila. Mwaka huu mashamba yalibeba, bua moja na mahindi yake mawili, ukipita katikati unasikia majani yanakusugua mabega. Tatizo likawa mvua. Ilipotakiwa ikome ndipo ikashika kazi, na mahindi bado yamesimama. Halafu wezi. Watu wa ng'ambo ya mto hawakuvuna kitu, wakawa wanakatiza mashambani na magunia matupu begani, ukiwauliza wanasema wanakwenda kusalimia. Kikao kikakata shauri: tuvune upesi, kila nyumba ipeleke ghalani, tugawane kidogo kidogo mpaka msimu ujao. Ufunguo nikapewa mimi, eti kwa kuwa sina rafiki wa kumpendelea. Jina langu limekufa sasa. Kijiji kizima wananiita Funguo, na wifi yako ndiye kinara wao.

Wako waliosema mahindi hayajakauka. Nikawauliza, tuyaanike wapi, juu ya wingu? Jua lilikuwa linachungulia kidogo na kurudi ndani. Tukapukuchua hivyo hivyo, tukajaza magunia, tukapanga mpaka kwenye mabati. Ukipenyeza mkono katikati ya gunia unakuta joto, kama tumbo la mtoto aliyelala. Mama alipoingiza wake alicheka, akasema mahindi haya yako hai.

Amekuchagulia debe moja kwa mkono wake mwenyewe. Anakuletea Dereva, yule wa lori la mafuta ya taa. Yana harufu kidogo kama ya pombe changa, usijali, ni upya wake. Somo yako, binti yangu, amejifunza kuandika jina lenu, analiandika kila mahali kwa mkaa, hata kwenye mlango wa ghala. Nilitaka kumchapa nikashindwa. Mlango umependeza.

Kaka yako,
Funguo


24 Juni

Kaka Funguo, shikamoo,

Jina limekukaa, usililalamikie. Tangu utotoni ulikuwa unaficha sukari na kusahau ulipoificha.

Debe limefika. Nimelisukuma chini ya kitanda, maana hapa bwenini sisi wauguzi bado tunalishwa na hospitali, ingawa kila wiki sahani inazidi kuwa nyepesi. Siku watakapotukatia chakula nitakuwa tajiri kuliko matroni.

Hamjui mlivyobahatika. Hapa mjini duka la unga linafunguliwa na kufungwa kabla chai haijapoa. Juzi niliona wanawake wawili wamevutana mfuko mpaka ukapasuka, kila mmoja na mtoto mgongoni, halafu wote wawili wakapiga magoti kuzoa unga kwenye lami pamoja na mchanga wake. Wodini kwangu kitanda kimoja kinalaza watoto wawili, mmoja kichwani na mmoja miguuni. Wanaletwa kutoka kila upande wa bonde, nywele zimegeuka rangi, na hawalii. Mtoto asiyelia ndiye anayenitisha.

Kwa hiyo ufunguo huo ufunge kiunoni. Wachuuzi wakija na malori yao wasikulainishe. Msiwauzie hata punje.

Na mbona Mama umempa mstari mmoja? Popo wamepata nafasi kubwa kuliko yeye. Niandikie miguu yake inaendeleaje. Somo usimchape. Mwambie shangazi amesema aliandike jina letu na kwenye mlango wa jikoni.

Mdogo wako,
Sindano


11 Julai

Mdogo wangu,

Mama yuko salama. Tumbo linamsumbua kidogo, mambo ya umri, wala lisikunyime usingizi.

Tulifungua ghala mwisho wa mwezi. Ungewaona watu walivyokuja, wamevaa nguo zao za kutokea kana kwamba wanapokea mgeni. Wazee walikuwa wanachota mahindi kwenye viganja na kuyamimina tena gunini, wanayachota tena. Sikuwaharakisha.

Sasa sikia kisa. Mbwa wamekufa. Walianza wa upande wa kisima, wakafuata wa barabarani, na katika wiki moja hakuna hata mmoja wa kumbwekea mgeni. Askari wangu naye. Alitapika, akapepesuka kama mlevi, akaja kulala mlangoni pangu, asubuhi nikamkuta amekauka. Unajua nilivyompenda mbwa yule. Kuku nao wanadondoka mmoja mmoja.

Hatukuhangaika kumtafuta aliyewawekea sumu. Ni Fundi Baiskeli. Unamkumbuka, yule mwembamba aliyehamia karibu na kisima, ana maneno machache kama vile anayalipia. Mwezi wa tano mbwa alimng'ata mtoto wake, akasema mbele za watu, "Mbwa wa kijiji hiki wana siku yao." Amesema kwa mdomo wake. Kikao kikamwita. Akajibu, "Nilisema kwa hasira. Sumu ningeipata wapi, na mimi hata solusheni ya kubandikia viraka nimeishiwa?"

Watu wakaguna. Tukaamua asipewe mahindi ya ghala mpaka akiri. Mgao wa kwanza uliwapita wakimuuguza yule mtoto aliyeng'atwa. Wa pili mkewe alikuja na kikapu, nikamrudisha mtupu mimi mwenyewe. Wanakula mihogo na majani waliyolima nyuma ya nyumba. Wifi yako hakupenda. Siku hizi sufuria zinawekwa chini kwa kishindo.

Somo yako anasema hasikii njaa. Fikiria, yule yule ambaye mwaka jana alikuwa analamba chungu.

Funguo


19 Julai

Kaka,

Pole na Askari. Nisikilize sasa, leo sina mzaha.

Wiki hii tumepokea wanaume watatu na mtoto mmoja kutoka ng'ambo ya mto wenu. Macho ya njano kama kiini cha yai, matumbo yamejaa maji, mkojo mweusi kama chai iliyokaa. Wanaume wawili wamefariki, na yule mtoto. Daktari anasema ni ini, ugonjwa wa kuambukiza unaotembea na maji machafu, kwa kuwa mvua imesomba vyoo. Wodi imefungwa. Sisi tuliowashika haturuhusiwi kutoka nje ya uzio wa hospitali mpaka ijulikane.

Nilimuuliza mke wa marehemu mmoja walikuwa wanakula nini. Akatazama sakafu. Nikaona vibaya kumsukuma, mtu amefiwa.

Kwa hiyo chemsheni maji yote, hata ya kusukutua. Watu wanawe mikono. Na mgonjwa yeyote, Mama akiwa wa kwanza, apewe uji mzito mara tatu kwa siku, atake asitake. Mwili wenye njaa haupigani na ugonjwa. Somo naye hivyo hivyo. Nakukabidhi wewe usimamie, usimwachie wifi peke yake.

Na Fundi Baiskeli, Kaka, mbwa ni mbwa. Ana watoto. Mpe mahindi.

Sindano


27 Julai

Mdogo wangu,

Nimezunguka na kalamu tangu asubuhi sijui nianzie wapi, hivyo naanzia penyewe. Mama ametutoka. Jana, Jumapili, baada ya adhuhuri. Tumemzika leo kando ya baba.

Nilikuficha. Niliposema ni umri, tayari alikuwa hawezi kukaa bila kuegemezwa. Nilidhani atapona kabla hujajua, halafu nikuandikie kama hadithi. Uji tulimpa kama ulivyoagiza. Wifi yako alikuwa anamlisha kwa kijiko, naye anageuza uso ukutani, tunambembeleza, "Mama, Sindano amesema." Basi akisikia hivyo anafungua mdomo. Ulikuwa unajua anavyojivunia kazi yako.

Maji tunachemsha mpaka kuni zinakwisha. Haisaidii. Nyumba hata nyumba wanaugua, na macho ni yale yale uliyoyaandika. Mtoto wa mwalimu amekufa. Ndugu wawili wa seremala wamekufa siku moja, jeneza la kwanza lilikuwa bado linapigwa misumari. Somo yako tumbo limevimba, na leo nilipomgeuza kwenye mwanga nimeona macho nayo yameanza.

Ni nyumba moja tu iliyo nzima. Unaijua. Watoto wa Fundi Baiskeli wanasukuma rimu barabarani huku wenzao wanalia ndani. Hata kikohozi hawana. Watu wanasema alianza na mbwa, akaona inafaa. Mwanzoni nilikuwa nawatuliza. Sasa siwatulizi. Alikuja kwenye mazishi ya Mama akasimama mbali, kofia mkononi, nami nikajikuta naitazama mikono yake badala ya kaburi.

Kikao ni Jumamosi. Vijana wa kwenye tanuri la matofali wamesema hawaji kusikiliza.

Najua huwezi kuja. Afadhali. Sitaki ukute ninachokiona.

Kaka yako


30 Julai

Kaka,

Ukiipata hii na umesimama mbele za watu, isome kwa sauti. Fundi Baiskeli hana kosa. Ni mahindi.

Nimelia, kisha nikaisoma barua yako mara ya pili, na mara hiyo nikaisoma kama muuguzi. Nyumba moja tu ni nzima. Nyumba moja tu hamkuipa mahindi ya ghala. Mbwa walilamba masufuria, kuku waliokota chenga, na wale wa ng'ambo ya mto waliyaiba mashambani mwenu, ndiyo maana yule mama alitazama sakafu.

Nilimpelekea Daktari barua yako. Akasema ni uchungu wa kufiwa, nikalale. Nikalivuta debe la Mama chini ya kitanda nikalimwaga juu ya meza yake. Yalikuwa yameshikana mabonge, na alipolivunja moja likatoka vumbi la kijani tukakohoa wote wawili. Halafu akasema, "Wape vifaranga vya bata wa jikoni." Jana jioni tuliwapa bakuli moja. Leo asubuhi walikuwa wamelaza shingo chini, na sasa ninavyoandika mpishi anawafukia.

Sampuli imekwenda kwa mkemia na majibu hayajarudi. Siyangojei. Lile joto ulilolifurahia lilikuwa ni kuvu linakua, na kuvu hilo linaacha sumu ndani ya punje. Kuchemsha hakuitoi. Kuosha, kukoboa, kuanika upya, hakuna kinachoitoa yote. Hata punje inayopendeza kwa macho usiiamini. Msimpe mtu, msimpe mnyama, msiyauze.

Najua hakuna kingine huko. Najua naandika kwa watu wenye njaa.

Uji niliuagiza mimi, Kaka. Mara tatu kwa siku. Hilo nitalizungumza nawe siku tukiwa wawili, karatasi hailiwezi.

Mlete somo na lori hili hili. Simu ya posta yenu imekufa tangu mvua, nami niko ndani ya uzio, la sivyo ningepanda mwenyewe. Dereva ameahidi kufika Jumamosi.

Sindano


4 Agosti

Kwako Dada Muuguzi,

Hatujuani sana. Mimi ni yule wa baiskeli. Naandika kwa niaba ya kaka yako. Mkono wake wa kulia umefungwa vibao, na amelala kwenye kitanda changu kwa sababu nyumba yake haina mlango tena. Ananiambia cha kuandika, na anaposinzia naongeza ya kwangu.

Jumamosi hawakuniita kikaoni. Walikuja wao. Watoto nilikuwa nimewafungia chumba cha ndani, nimewaambia tunacheza mchezo wa kunyamaza. Kijana mmoja aliichukua pampu yangu akaivunja kwenye goti lake, nikajua kinachofuata ni mimi. Kaka yako alikuwa nao. Hakuwa mbele, lakini nyuma pia hakuwa. Ndipo lori likaja likasimama katikati ya watu, Dereva akashuka na barua yako mkononi, injini hajaizima.

Kaka yako aliisoma kimya kwanza. Nikaona uso unabadilika. Kisha akaisoma kwa sauti. Alipofika kwenye uji, akampa mwalimu amalizie.

Halafu mwanamke mmoja akauliza, "Kwa hiyo tule nini?" Nafikiri hapo ndipo hasira ilipohama kutoka kwangu. Seremala akasema, "Ulitufungia ukasema unayalinda na wezi. Leo unasema tusiyale. Kesho tutasikia malori ya wachuuzi." Mwingine akataka majibu ya mkemia. Kaka yako akasema bado hayajarudi. Wakacheka vibaya.

Hakubishana nao. Alichukua dumu la oili chafu kutoka kwenye lori, akaenda ghalani, akafungua, akaanza kuyamwagia magunia. Aliwahi safu ya mbele tu. Mimi na Dereva tulimtoa chini ya miguu yao kwa kumburuta, na wakati huo wengine walishakwenda kwake. Walitafuta unga aliouficha. Hawakuukuta, kwa kuwa haukuwapo, basi wakabeba mlango.

Wifi yako alikwishapanda lorini na mtoto. Mtoto aliniuliza kama hospitali kuna mbwa. Nilimwambia wako. Nakuomba uangalie hilo.

Jana afisa wa afya alikuja na askari wawili. Wamechimba shimo kwenye tanuri la matofali wakayafukia magunia yote. Watu walisimama wakatazama mpaka gunia la mwisho, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka. Afisa akaahidi unga wa msaada. Hakusema lini.

Huenda unafikiri nimemsamehe kaka yako. Sijui bado. Mke wangu ndiye aliyerudishwa na kikapu kitupu, na sasa ndiye anayemlisha mihogo kwa kijiko. Nilimuuliza mbona anafanya hivyo. Akanijibu, "Ulitaka nimtupe barabarani?"

Yeye anaomba nikuandikie kwamba hana maumivu. Ana maumivu.

Fundi Baiskeli


18 Agosti

Kaka yangu, na wewe Fundi ambaye bila shaka ndiye unayemsomea,

Somo anaishi. Nimeliweka mbele ili upumue. Macho bado yana njano pembeni na tumbo linashuka taratibu, lakini jana alinigombeza kwa kumkwaruza na taulo, nikatoka nje nikalia nyuma ya jengo la kufulia. Wifi analala sakafuni kando ya kitanda chake na hataki kuondoka hata kuoga. Watoto wengine wawili wa kijiji chetu walioletwa na lori hilo hawakupona. Wazazi wao wameshaambiwa.

Mkemia ameleta majibu. Sitakuandikia tarakimu zake. Daktari alipozisoma alivua miwani, akaisafisha, akazisoma upya.

Hili linalofuata nimekatazwa kuliandika. Si ghala lenu peke yake. Mvua ilinyesha bonde zima na kila kijiji kilifanya mlichofanya ninyi, kwa hofu ile ile na kwa wezi wale wale. Kila ghala walilolifungua kulikagua limekutwa na joto. Na yako mahindi ambayo hayakungoja ukaguzi. Wachuuzi walikwishayanunua kwa bei ya kutupa, wakayachanganya na mazuri, wakayasaga. Sasa yamo kwenye mifuko safi yenye picha ya mama anayecheka, na hakuna mtu anayeweza kuniambia ni mifuko ipi. Wiki hii wenye macho ya njano wametoka mtaa wa nyuma ya hospitali, watu ambao hawajawahi kushika jembe. Redio inasema watu wachemshe maji.

Unga wa msaada upo. Nimeuona kwa macho yangu kwenye kituo cha reli, umefunikwa turubai, unalindwa. Wanabishana ofisi ipi ilipie malori. Tangu waturuhusu kutoka ndani ya uzio nakwenda kwa mkuu wa wilaya kila nikimaliza zamu, nakaa kwenye benchi, mpaka karani amezoea kuniletea maji. Wamenipa lori moja kwa kijiji chetu. Anzeni na nyumba zenye watoto. Wanasema kutakuwa na la pili. Usilitegemee mpaka uone vumbi lake.

Fundi, nimekutumia pampu na solusheni kwa Dereva. Hazilipi kitu, najua. Za kazi tu.

Kaka, mkono usiufungue vibao kabla sijauona. Nakufahamu.

Sindano


2 Septemba

Mdogo wangu,

Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, usome utakavyoweza. Dereva anataka kuondoka kabla mto haujajaa, nami nimemshika shati.

Unga wa lori lako umekwisha tangu wiki iliyopita. Tuliugawa kwa kibaba na hakuna aliyelalamika, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi, maana hawa ni watu wa kulalamika. Lori la pili hatujaliona. Fundi ameng'oa mihogo yake yote. Siku ya kwanza alipeleka kwa wale vijana waliomvunjia pampu, akaweka mlangoni, akaondoka bila kubisha hodi.

Leo tumemzika mke wa mwalimu. Nilidhani kijiji kizima kiko makaburini. Wakati wa kurudi tulipitia tanurini, Fundi akanishika bega. Shimo limefukuliwa. Hakuna mnyama anayefukua vile. Udongo umewekwa upande mmoja, umelainishwa kwa jembe, na magunia ya chini hayapo. Yale yaliyomwagiwa oili wameyaacha, wameyapanga vizuri pembeni kama watu wenye adabu.

Kila mmoja alitafuta pa kutazama.

Nikapanda kwenye mwinuko wa nyuma ya ghala. Sindano, moshi unatoka karibu kila nyumba. Nyumba ambazo tangu juzi hazikuwasha moto.

Nimeingia ya kwanza, kwa seremala. Mwenyewe hakuwapo. Mkewe alikuwa anakoroga, watoto wamezunguka jiko, sahani wameshazishika. Nikamwambia, "Shemeji, unajua haya ni nini."

"Najua," akasema. Hakuacha kukoroga. "Nimeyaosha sana."

"Kuosha hakusaidii. Ulisikia barua."

"Niliisikia." Ndipo akainua uso. "Hayo yanachukua siku kuua. Huyu mdogo tangu jana hasimami. Niambie wewe, nianze kuogopa lipi?"

Nilikwenda nyumbani nikaleta unga wote niliokuwa nao, haukujaza hata kibaba. Nikampa. Kisha nikaibeba sufuria nikaimwaga nje na kuifukia kwa mguu, mkono mmoja, nimeungua. Watoto walinitazama kama wanavyomtazama mwizi. Mama yao hakunizuia na hakunishukuru.

Sasa sina unga wa nyumba ya pili.

Fundi ameanzia upande wa kisima, mimi naendelea huku. Hatuna cha kuwaambia isipokuwa lori linakuja. Wakiuliza lini, nasema kesho. Wakiuliza nani kasema, nasema Sindano amesema, na wakisikia hivyo wengine wanashusha sufuria. Ni uongo, nimeusema kwa jina lako, na nitausema tena mpaka nyumba ya mwisho. Lilete, mdogo wangu. Hata kama ni kuliiba.

Naikatisha hapa. Kwa jirani nasikia wanapanga sahani.

Funguo